Spoila kwa ndai yako: Inabana gari chini au inabana mfuko tu?

Binamu yangu anaishi Ruiru na kazi yake iko Thika. Tangu anunue Subaru Impreza, maisha yake yamegawika sehemu mbili: kabla ya ndai na baada ya ndai. Jumapili moja mwezi wa Aprili alinipigia simu akitaka nimtumie elfu kumi. Alikuwa amepata spoila, ile kubwa ya kusimama juu ya buti, na fundi alikuwa tayari na drili mkononi.

"Ya nini sasa?" nikamuuliza.

"Bro, gari inateleza. Juzi mvua ikinyesha, kabla tu ya kufika Juja, nyuma ilitaka kunipita. Spoila itaibana chini."

Nikamwambia fundi asitoboe kitu mpaka nifike. Elfu kumi sikuwa nazo, lakini hilo halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba huyu kijana alikuwa ameponea chupuchupu kwenye Thika Road, na dawa aliyokuwa akiitafuta haikuwa ya ugonjwa wake.

Si yeye peke yake. Simama kwenye daraja la miguu pale Ruiru kwa dakika kumi tu, utaziona zikipita. Subaru yenye bawa refu kama kiti cha bustani. Vitz yenye spoila pana kuliko mlango wake. Nganya ya kuelekea Thika yenye mapezi juu ya paa, mapezi ubavuni, taa za zambarau na muziki wa kupasua vioo. Ukiuliza wenyewe, wengi watakwambia zinaongeza "stability". Je, ni kweli?

Mimi jibu nilianza kulipata mahali ambapo hakuna barabara.

Somo la Lamu

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu kwa spidiboti. Tulijazana nyuma karibu na injini, kila mtu akikwepa maji ya chumvi usoni. Nahodha alipofungua mafuta, omo, yaani pua ya boti, ikainuka juu hadi hatukuona mbele. Boti ikawa inapiga kelele nyingi na kusonga kidogo. Akatuamuru watu watatu twende mbele. Pua ikashuka, boti ikalala sawa juu ya maji, na papo hapo tukaanza kuchana mawimbi. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipokaa.

Boti za kisasa zenye nguvu nyingi hazingoji abiria wahame viti. Nyuma yake, kwenye tezi, hufungwa vibao viwili vya chuma, kimoja kila upande. Huitwa vibao vya trimu. Nahodha akibonyeza swichi, kibao kinainama chini kidogo. Maji yanayopita kwa kasi hugonga kibao hicho na kukisukuma juu, tezi huinuka, na omo hushuka. Boti ikiegemea upande mmoja, anainamisha kibao cha upande huo peke yake na boti inakaa sawa.

Injini ya nje nayo mara nyingi huwa na pezi jingine dogo, juu kidogo ya propela. Kazi yake ni kuzuia usukani usivute upande mmoja kwa sababu ya mzunguko wa propela. Ni kipande cha kutoshea kiganjani, lakini kikikaa vibaya nahodha atachoka mkono mmoja safari nzima.

Sasa sikia sehemu muhimu. Kibao cha trimu hakiongezi nguvu za injini. Kinachofanya ni kuhamisha mzigo kati ya mbele na nyuma. Ukikiinamisha kupita kiasi, pua inachimba maji na boti inaweza kugeuka ghafla bila kutumwa. Ukikiinua mno, kwenye kasi kubwa pua inaanza kupanda na kushuka kama pomboo, na ikizidi, upepo unaingia chini ya boti na kuipindua. Mwingereza Donald Campbell alikufa hivyo tarehe 4 Januari 1967, akijaribu kuvunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini katika ziwa Coniston. Boti yake, Bluebird K7, ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 480 kwa saa pua ilipoinuka. Ilipaa, ikabiringika hewani na kuzama.

Turudi Thika Road

Spoila ya gari ni binamu ya kibao cha trimu. Kibao kinatumia maji, spoila inatumia hewa. Na hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu.

Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara elfu moja. Kwa hivyo kibao kidogo kama daftari, boti ikienda kilomita 30 tu kwa saa, kinaweza kusukuma kwa nguvu ya makumi ya kilo. Hewa haina ubavu huo. Tena hewa yetu ni nyepesi zaidi: Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa. Spoila ile ile inafanya kazi kidogo zaidi ukiileta huku juu.

Nilikaa chini na kalamu. Nilichukua bawa la upana wa mita 1.4 na kina cha sentimita 20, nikachukulia limeundwa vizuri na hewa inalifikia bila kizuizi. Haya ndiyo makadirio niliyopata:

Ukienda kilomita 50 kwa saa, bawa linabana gari chini kwa takriban kilo 2. Hiyo ni pakiti moja ya unga.

Ukienda kilomita 100, linabana kwa kama kilo 9. Pakiti nne na nusu.

Ukifika kilomita 200, ndipo unapata kama kilo 35.

Umeona mchezo? Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mabawa yana maana kubwa kwenye mashindano. Lakini Impreza ina uzito wa zaidi ya tani moja. Pakiti moja ya unga juu ya buti haitaizuia kuteleza kwenye kona ya kuingia Ruiru. Sheria ya trafiki inakuwekea kilomita 50 kwa saa ukiwa mjini, na matatu mwisho wake ni 80. Kwa mwendo huo, mapezi ya nganya ni urembo mtupu. Na urembo si dhambi, ni sehemu ya utamaduni wetu wa matatu. Tatizo linaanza pale dereva anapouamini urembo kama breki.

Kuna jambo jingine. Bawa kubwa hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hivyo likibana buti chini, linainua pua kidogo, kama watoto wakicheza pembea ya ubao. Kwa gari ambalo injini inavuta magurudumu ya mbele, kama Vitz, magurudumu yale yale yanayovuta na kukata kona ndiyo yanayopunguziwa uzito. Ni kosa lile la pua ya boti, kwa kipimo kidogo.

Mahali spoila iliokoa watu

Tusiwe watu wa kupinga tu. Kuna wakati spoila inafanya kazi, na ushahidi upo.

Mwaka wa 1998 Audi ilileta TT, gari dogo lenye mgongo wa duara, laini kama yai. Lilipendeza kweli. Lakini katika barabara kuu za Ujerumani, ambako sehemu nyingine hazina kikomo cha mwendo, umbo lile lilifanya hewa iinue sehemu ya nyuma. Kukatokea ajali kadhaa za mwendo wa kasi, zikiwemo za vifo. Kampuni ikayaita magari yarudi, ikayafunga spoila ndogo nyuma, ikarekebisha mfumo wa springi na kuongeza mtambo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Spoila yenyewe ilikuwa ndogo, lakini wahandisi walijua ugonjwa, walipima, na hawakuitegemea spoila peke yake.

Kinyume chake ni Formula One. Mabawa ya nyuma yaliingia katika mbio hizo mwaka wa 1968, na kufikia mwaka uliofuata timu zilikuwa zikiyainua juu sana kwa vyuma vyembamba. Tarehe 4 Mei 1969, katika mashindano ya Uhispania mjini Barcelona, mabawa ya magari yote mawili ya Lotus yalivunjika yakiwa mbioni. Graham Hill na Jochen Rindt walipata ajali mbaya mahali pale pale, kwa kupishana raundi chache tu. Mwezi huohuo mabawa marefu yakapigwa marufuku. Hao walikuwa na wahandisi wa kulipwa. Wewe una fundi mwenye drili na skrubu nne. Bawa likichomoka Thika Road, anayelipokea ni yule wa boda aliye nyuma yako.

Siku gari linapogeuka boti

Nilipofika Ruiru, binamu alikuwa ameegesha ndai pale Kamakis, imeoshwa inang'aa. Sikuangalia buti. Nilichuchumaa nikaangalia tairi za nyuma. Zilikuwa na upara. Tukaenda petroli stesheni iliyo karibu, tukapima presha: 20.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Siku ile ya mvua gari lake halikuwa jepesi nyuma kwa kukosa spoila. Lilikuwa limegeuka boti.

Tairi inapokutana na maji, zile mifereji zake huyasukuma pembeni ili mpira uguse lami. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda. Yanajikusanya mbele ya tairi, yanajisukuma chini yake na kuliinua gari, jinsi spidiboti inavyoinuka juu ya bahari. Usukani unakuwa mwepesi, breki hazishiki. Tofauti ni kwamba boti iliundwa kwa hilo, ina propela na vibao vya trimu. Ndai yako haina chochote.

Watafiti wa NASA, waliochunguza miaka ya 1960 kwa nini ndege huteleza kwenye viwanja vyenye maji, walitoa kanuni rahisi: presha ya tairi ikishuka, mwendo wa kuanza kuelea nao unashuka. Kwa kanuni hiyo, tairi yenye presha ya 30 huanza kuelea karibu na kilomita 90 kwa saa maji yakiwa mengi. Yenye presha ya 20 huanza karibu na 75. Ni makadirio, na tairi ya upara inaweza kukuangusha mapema zaidi. Binamu aliniambia siku ile alikuwa akienda 80.

Aliponisikia alinyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hiyo presha ningejaziwa bure?"

Ndiyo, bure.

Kabla hujamwita fundi

Kama pesa ni za kubahatisha, zipange hivi. Kwanza pima presha tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pili, angalia mifereji ya tairi zote nne. Ukinunua tairi mbili mpya, ziweke nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza ni vigumu kuirudisha. Subaru nyingi huvuta magurudumu yote manne, kwa hivyo nunua nne zinazolingana ukiweza, la sivyo utaua gia. Ukiuziwa tairi za mtumba, soma zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tatu, shokabzoba. Nne, breki. Mvua ikinyesha, punguza mwendo hata kama wa nyuma anakupigia honi.

Baada ya hapo, ukitaka spoila, weka. Ni gari lako. Hakikisha tu imefungwa na mtu anayejua, na shimo limezibwa maji yasioze buti.

Binamu alimrudisha fundi nyumbani siku hiyo. Ilimchukua miezi miwili kupata pesa za tairi nne, na muda wote huo siku za mvua alikuwa akipanda matatu kwenda Thika. Juzi alinitumia picha ya ndai. Mpira mweusi mpya, mifereji mirefu inayoonekana vizuri. Kwenye buti, hakuna kitu. Chini yake ameandika: "Spoila ni Desemba."

Nikamjibu sawa, bora Desemba utakuwepo.