Vijiwe vya nyongo: Maumivu yanayodhaniwa kuwa vidonda vya tumbo

MFANYABIASHARA anayesubiri mzigo wake utoke forodhani Busia, Namanga au Rusumo anaweza kushinda na kikombe cha chai tu. Usiku, karatasi zikishakamilika, huagiza chipsi kuku na kula kwa pupa. Baada ya saa moja hivi tumbo linambana upande wa kulia, chini ya mbavu. Hukimbilia duka la dawa, hununua vidonge vya vidonda vya tumbo, na alfajiri huendelea na safari.

Huenda kweli ni vidonda. Lakini maumivu ya namna hiyo yanaweza pia kutokana na vijiwe katika mfuko wa nyongo, na hivyo dawa ya kupunguza asidi haiviondoi.

Vinavyotokea

Mfuko wa nyongo ni kifuko kidogo kilichojibanza chini ya ini. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku, na sehemu yake huhifadhiwa katika mfuko huo. Mtu akila chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kusukuma nyongo kwenye utumbo mwembamba ili mafuta yameng'enywe.

Ndani ya nyongo mna maji, chumvi, kolesteroli na rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kolesteroli ikizidi kiasi ambacho chumvi hizo zinaweza kuyeyusha, huganda na kuwa punje. Mfuko usipojikaza vizuri, nyongo hutuama, na punje hizo hukua kwa miezi na miaka. Baadhi hubaki kama mchanga, nyingine hufikia ukubwa wa gololi au zaidi.

Wanawake hupata vijiwe kuliko wanaume, hasa waliozaa na waliovuka miaka 40. Unene uliokithiri, kisukari, kukaa muda mrefu bila kula na kupunguza uzito kwa haraka huongeza hatari.

Kuna pia vijiwe vyeusi, vinavyotokana na rangi ile ya njano inapozidi. Hawa huwapata zaidi wenye selimundu, ugonjwa ulioenea katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria. Kwa hiyo hata mtoto mwenye selimundu anayelalamika tumbo mara kwa mara anastahili kupimwa vijiwe.

Dalili za hatari

Watu wengi wenye vijiwe huishi navyo bila dalili yoyote, na kwa kawaida hawahitaji upasuaji. Shida huanza kijiwe kinapoziba njia. Maumivu huja ghafla, hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, na yanaweza kupanda hadi mgongoni au bega la kulia, pamoja na kichefuchefu.

Yakizidi saa tano, au yakiambatana na homa, macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi au choo kilichopauka, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mfuko umevimba, au kijiwe kimeziba njia kuu ya nyongo au kuathiri kongosho. Hali hizo zinaweza kuua.

Macho ya njano ya aina hii si homa ya manjano inayoulizwa mpakani. Kadi ya chanjo haimkingi mtu dhidi ya vijiwe.

Kipimo na tiba

Altrasaundi ya tumbo ndicho kipimo cha kwanza. Mgonjwa huombwa aende bila kula kwa saa sita hadi nane.

Mchanganyiko wa mafuta na limau, unaouzwa kama dawa ya kutoa vijiwe, haujathibitishwa. Madonge yanayotoka chooni baada ya kuunywa mara nyingi ni mafuta yaliyogeuka kama sabuni tumboni.

Tiba ya kudumu kwa mwenye maumivu ni kuondoa mfuko wenyewe, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na daktari Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882. Leo hospitali nyingi kubwa hutumia matundu madogo na kamera. Mgonjwa wa njia hiyo huweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na kwenye kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Kubeba magunia husubiri ruhusa ya daktari. Ini huendelea kutengeneza nyongo, hivyo mtu huishi na kula kama kawaida.

Kwa anayeishi barabarani, suala kubwa ni wakati. Upasuaji uliopangwa humwezesha kuchagua hospitali, kuuliza gharama na kumwachia mwenzake duka. Ule wa dharura unaweza kumkuta katika mji wa ugenini, mzigo ukiwa njiani, na bima ya kwao huenda isikubaliwe huko. Aliyewahi kupata maumivu haya apime kabla ya safari ijayo, abebe nakala ya majibu, na aulize bima yake inafika wapi.