Safari ndefu ya pikipiki: Uchovu unavyoficha maradhi

Mwaka 1982 Elspeth Beard, mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Uingereza mwenye umri wa miaka 23, alisafirisha BMW yake iliyotumika hadi New York, akaanza kuizunguka dunia peke yake. Alirejea London mwaka 1984 akiwa ameendesha takriban kilomita 56,000. Njiani alianguka Australia, na alipofika Asia akaugua homa ya ini. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwingereza kuzunguka dunia kwa pikipiki.

Miaka 40 baada ya Beard kuanza safari, mwaka 2022, Mnigeria Kunle Adeyanju alitoka London hadi Lagos kwa pikipiki ili kuchangisha fedha za kupambana na polio. Alipita Ulaya, Moroko, jangwa la Sahara na nchi za Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 12,000, akatumia siku 41. Ukigawanya, utaona kila siku ilikuwa na kilomita karibu 300, na ndani yake foleni za mipakani, mchanga, joto na usiku wa kulala ugenini.

Vijana wa Afrika Mashariki nao wanazidi kuvutiwa na safari za namna hii, iwe ni kutoka Dar es Salaam kwenda Cape Town au Nairobi kwenda Addis Ababa. Maswali yao ya kwanza huwa ni tairi, mnyororo, karatasi za forodha na viza. Kuhusu mwili huuliza wachache. Wengi wanaamini kwamba mwili ukichoka utasema wenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Katika safari ndefu mwili husema, lakini mara nyingi hutumia neno moja kwa kila jambo: nimechoka. Kukosa usingizi, kupungukiwa maji, baridi, uhaba wa oksijeni na hata malaria, vyote huanza kwa uchovu na kichwa kizito. Anayesafiri na wenzake ataambiwa, "Bwana we, leo unayumba, hebu tusimame." Anayesafiri peke yake hana wa kumwambia.

Usingizi wa sekunde nne

Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya katika ubongo na kumsukuma kulala. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humtia dereva hatiani. Aliyeamka saa 11 alfajiri ili kuwahi mpaka anafikia saa hizo 17 saa 4 usiku.

Kabla ya kusinzia kabisa, ubongo hujikatia vipande vya usingizi vya sekunde chache. Macho yanaweza kubaki wazi na mikono ikabaki kwenye usukani. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa pikipiki hukata mita 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 4 za usingizi huo ni mita 100 zisizo na dereva. Na kwa kuwa ubongo unaopaswa kutoa taarifa ndio uliolala, dereva huenda asijue kilichompata.

Kahawa huziba vipokezi vya adenosini kwa muda, lakini haiiondoi. Kinachoiondoa ni usingizi. Mbinu inayosaidia ni kunywa kahawa kisha kulala papo hapo dakika 15 hadi 20, kwani kafeini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, na unapoamka inakuwa imeanza. Nyakati mbaya zaidi ni mbili: kati ya saa 8 usiku na alfajiri, na alasiri baada ya chakula cha mchana. Hizo zipange ziwe za kupumzika.

Jasho usiloliona

Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, upepo wa pikipiki hukupoza. Ikizidi hapo, kama inavyokuwa Sahara au Sudan, upepo huohuo huanza kukuongezea joto. Njia pekee inayobaki ya kujipoza ni jasho linalokauka.

Katika hewa kavu, jasho hukauka mara tu linapotoka. Dereva hujiona mkavu, akadhani hatoki jasho, kumbe anapoteza maji saa baada ya saa. Kiu nayo huchelewa. Kwa mtu wa kilo 70, kupungukiwa maji ya kilo 1.4, yaani asilimia 2 ya uzito wake, kunatosha kupunguza umakini. Ndiyo maana wazoefu wa jangwani hawavui jaketi hata joto likipanda vipi. Hufunga zipu, wakalowesha fulana ndani ili maji yakauke polepole badala ya jasho lao.

Wapo wanaojinyima maji kwa makusudi ili wasisimame ovyo, na wanawake wanaosafiri peke yao hulazimika zaidi kwa kukosa vyoo salama njiani. Gharama yake ni kichwa kuuma, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo rahisi ni rangi ya mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa. Mtu akitoka jasho jingi au akiharisha, maji matupu hayatoshi. Kama huna pakiti ya ORS, yaani chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Joto la mwili likizidi nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto. Anahitaji kivuli, kumwagiwa maji, kupepewa na kufikishwa hospitali bila kuchelewa.

Baridi ya nchi zenye jua

Msafiri wa Afrika Mashariki huenda akaidharau baridi, ilhali barabara kutoka Mombasa kwenda Uganda huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Upande wa Tanzania, anayeelekea Zambia kupitia Makambako mwezi Julai anajua ukungu wa asubuhi wa Nyanda za Juu Kusini ulivyo.

Upepo hufagia tabaka jembamba la hewa yenye joto linalozunguka ngozi. Hewa ya nyuzi 10, ukiikata kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 4 au 5. Nguo zikilowa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Vidole hufa ganzi, breki zikakamatwa kwa kuchelewa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kujikwaa, ulimi unakuwa mzito na maamuzi yanaharibika. Kutetemeka ni kinga ya mwili. Aliyekuwa akitetemeka akaacha bila kupata joto yuko pabaya zaidi kuliko mwanzo. Koti la mvua huvaliwa kabla mvua haijanyesha.

Injini inapopanda kuliko damu

Mpanda mlima hupanda kwa miguu, na miguu humlazimisha kwenda taratibu. Mwenye pikipiki hana breki hiyo. Kutoka Lima, jiji la pwani ya Peru, hadi kilele cha Ticlio chenye mita 4,818, ni safari isiyofika kilomita 150. Kule India, kutoka mji wa Leh wenye mita 3,500 hivi, pikipiki hufika Khardung La, zaidi ya mita 5,300, kabla ya chakula cha mchana.

Sehemu ya oksijeni hewani haibadiliki, ni asilimia 21 kila mahali. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na kwa urefu wa Khardung La kila pumzi inabeba karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Pikipiki ya kabureta hukosa nguvu na kuanza kukohoa. Mwili nao huonyesha dalili, kuanzia mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi. Msafiri husingizia barabara mbovu na chakula cha jana. Akiendelea kupanda, maji yanaweza kujaa katika mapafu au ubongo kuvimba, na vyote viwili huua.

Kanuni ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kichwa kikiuma, usipande. Ukianza kuyumba unapotembea au kukosa pumzi ukiwa umetulia, shuka siku hiyohiyo.

Kelele inayochosha

Wengi hudhani kelele ya pikipiki hutoka kwenye ekzosi. Katika mwendo wa barabara kuu, kelele kubwa ni ya upepo unaoizunguka helmeti, na ukikaribia kilomita 100 kwa saa inaweza kufika desibeli 100. Kwa viwango vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio halipaswi kukaa katika desibeli 100 kwa zaidi ya dakika 15 kwa siku. Msafiri hukaa humo saa 6 au 8.

Sikio huzoea, na kuzoea huko ndiko kunakodanganya. Seli laini za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mlio masikioni usiku, baada ya kuzima injini, ni onyo. Vizibo laini vya masikio ni bei rahisi, huzuia sehemu kubwa ya kelele hiyo, na honi za magari bado utazisikia. Pia hupunguza uchovu, kwa kuwa kelele yenyewe huchosha.

Maradhi yanayovuka mpaka nawe

Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na mara chache chini ya siku 7. Aliyeumwa kandokando ya Ziwa Nyasa anaweza kuugua akiwa Cape Town, ambako daktari huenda asifikirie malaria kwanza. Atajiona amechoka, viungo vinamuuma, na baada ya siku nyingi juu ya tandiko hilo halimshangazi. Ukipata homa, mweleze daktari nchi zote ulizopita katika miezi ya karibuni, na uombe kipimo. Aliyekulia Nairobi au katika nyanda za baridi asijidanganye kwamba ana kinga ya Mwafrika. Kinga hiyo hutokana na kuumwa mara kwa mara, na hufifia mtu akiishi pasipo na malaria. Baadhi ya dawa za kinga nazo zina masharti: doksisaiklini huifanya ngozi iungue haraka juani, na huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Tangu Julai 2016 cheti chake hutumika maisha yote. Muulize daktari pia kuhusu chanjo za homa ya ini na kichaa cha mbwa, kwani mbwa wa vijijini hupenda kufukuza pikipiki. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha tafuta chanjo siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo.

Weka sheria kabla ya kuondoka

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika safari ya peke yako, aghalabu si wewe unayeyaficha. Uchovu hukufichia, hata wewe mwenyewe usiyaone. Dawa yake ni kuacha kutegemea unavyojisikia na kufuata saa. Simama kila baada ya saa 2, unywe maji hata bila kiu, utembee kidogo miguu ipate damu. Ukishakaa macho saa 15, siku imekwisha, hata kama mji unaoukusudia uko kilomita 40 mbele. Usiendeshe usiku. Kila wiki iwe na siku moja ya kutogusa pikipiki. Helmeti ivaliwe hata ukienda dukani jirani: uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mwisho, tafuta mtu nyumbani wa kuzungumza naye kila jioni kwa saa iliyopangwa. Mpe njia utakayopita, kundi lako la damu na namba ya bima. Mpe pia ruhusa ya kukuambia, "Leo sauti yako siyo, kesho usiende." Na akisema hivyo, mtii.