Kufupisha si Kukatiza

Tangazo likibandikwa Kasoli, wilayani Bariadi, kwamba ununuzi wa pamba "umesitishwa", mkulima aelewe nini? Airejeshe pamba nyumbani, au alale penye mizani? Kitenzi hiki asili yake ni kusita, na mwenye kusita aweza kuendelea; lakini maofisini aghalabu hutumika kwa maana ya kukomesha kabisa. Iwapo kazi itaendelea, na iandikwe "umesimamishwa hadi" tarehe fulani. Iwapo haitaendelea, "umekomeshwa".

Ziara ya siku tatu ikipangwa upya iwe ya siku mbili, imefupishwa. Mgeni akiondoka katikati kwa dharura, ameikatiza. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, waliokwisha kusimama bandarini kumngoja, hawatasema kuwa ni mamoja.

Lililo zito zaidi ni haki. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 30 iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, huzungumzia mipaka ya haki na uhuru. Haki iliyowekewa mipaka ingali haki, iliyofutwa haipo. Ofisa akiandika "imepunguzwa" kwa yote mawili, raia hajui aombe ruhusa au aende mahakamani.