Vitabu vya Kiswahili katika Orodha za Mashine

Kadi za vitabu, zilizokuwa zikipangwa katika visanduku vya maktaba, zimekwisha kuondoka katika nchi nyingi, na mahali pake pameingia kompyuta. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizopigwa chapa mwaka 1901. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram alitunga huko utaratibu uitwao MARC, ili mashine iweze kusoma habari za kitabu. Na mwezi wa Oktoba 2015 shirika la OCLC, katika Ohio, likapiga chapa kadi zake za mwisho. Vitabu vya Kiswahili navyo vimo katika utaratibu huo, vimetiwa alama ya herufi tatu, swa. Lakini watungaji wake waliwaza kwa lugha nyingine, na hapo ndipo yalipo maneno yetu.

Yapasa kufahamu kwanza kwamba mashine hailinganishi maana, hulinganisha herufi kwa herufi. Katika MARC mtunzi huandikwa penye namba 100, na jina la kitabu penye 245. Pamoja na 245 huenda tarakimu iambiayo mashine iruke herufi ngapi za mwanzo, pamoja na nafasi, wakati wa kupanga majina. Tuchukue utendi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 kumwusia binti yake. Alice Werner na William Hichens waliutoa mwaka 1934 kwa jina The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty. Hapo tarakimu ni 4, nacho kitabu hupangwa penye A. Kiswahili hakina kijineno kama kile cha Kiingereza, basi tarakimu yetu ni 0 sikuzote. Karani akitia 4 kwa mazoea, Utendi wa Mwana Kupona utakwenda kukaa penye D, kwani mashine itaanza kusoma “di”, wala haitashtuka.

Tena Lamu na Pate husema utendi, na Unguja husema utenzi. Mwanafunzi aandikaye neno moja halipati la pili, naye hudhani kitabu hakipo. Kadi za zamani zilikuwa na neno “Tazama”, lililompeleka msomaji kutoka jina hili hata lile. Mashine nayo yaweza kufanya hivyo, na vizuri zaidi, ila sharti mtu aliyajuaye jambo hili ayaandike majina yote mawili.

Lililo zito kuliko hayo ni viambishi. Mwingereza huandika neno lake, akatia nyota mwishoni, na mashine humletea umoja na wingi pamoja, kwani neno lake hubadilika mwishoni. Letu hubadilika mwanzoni: kitabu, vitabu, mti, miti, ukuta, kuta. Nyota ya mwisho haitusaidii kitu, na mashine nyingi hukataa nyota ya mwanzo. (Watunga kamusi zetu walishindana na shida iyo hiyo, wasiwe na mashine ya kulaumu.)

Kwa hiyo mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule asiridhike kunakili habari zilizoletwa kutoka ng’ambo. Penye namba 246, iliyowekwa kwa majina mengine ya kitabu, aandike utenzi palipo na utendi. Na penye 500, mahali pa maelezo, aandike umoja na wingi wa neno lililo kiini cha kitabu. Kwa kitabu kimoja kazi hiyo ni ya dakika chache.