Bunduki ya Kwanza ya Mwindaji

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli shambani, lakini porini sivyo: mwindaji asiyechagua bunduki yake aweza kurudi nyumbani hana jicho, ama asirudi kabisa. Kwa hiyo leo twapenda kusema na akina baba na vijana wa Kolwezi, na wa nchi yote ya Lualaba, juu ya bunduki ya uwindaji yenye komeo. Imejengwaje? Na kwa nini mtu asijitengenezee mtutu kwa bomba?

Twaanza na Kolwezi kwa sababu watu wa huko wajua chuma. Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière, na hata baada ya migodi kutwaliwa na taifa mwaka 1967, baba wengi wamewarithisha wana wao kazi ya kukereza, kuchomelea na kupima. Fundi wa namna hiyo aionapo bunduki husema moyoni, «Hii nami naiweza.» Hapo ndipo ilipo hatari. Zile bunduki za kienyeji, ziitwazo pupu mahali pengi pa Kongo, mara nyingi mtutu wake ni bomba la maji tu, ama chuma kilichotolewa katika usukani wa gari kuukuu.

Tuone basi yanayopita ndani ya bunduki. Ganda la risasi ni shaba ya njano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Metali hizo si ngeni kwetu: shaba ni mali ya Kolwezi, na zinki ni mali ya Kipushi. Tena katika karne ya 19 Wayeke wa mfalme Msiri wa Bunkeya waliyeyusha shaba wakafanya misalaba, nyaya, hata risasi. Baruti ishikapo moto ndani ya ganda, nguvu ya hewa yake huzidi mara 3,000 ile ya hewa tunayovuta. Shaba, kwa kuwa ni laini, hutanuka na kuziba kila upenyo. Kisha hunywea kidogo, ganda lipate kutoka. Lakini kuizuia nguvu ile si kazi ya shaba. Ni kazi ya chuma kinachoizunguka na komeo lililo nyuma yake. Pakiwa na nafasi hata ya unene wa ukucha kati ya ganda na komeo, ganda laweza kupasuka, na moto ukamjia mpigaji usoni.

Mjerumani Paul Mauser aliyafahamu hayo alipotoa mtambo wake wa mwaka 1898, ambao hata leo ni kielelezo cha bunduki nyingi za uwindaji. Komeo lake lina meno mawili mbele yanayojifunga ndani ya chuma, na jino la tatu nyuma kuwa mlinzi wa akiba. Lina vitundu vya kupitishia moto kando ganda likipasuka, na ukucha mrefu wa kuling'oa ganda lililokwisha kazi. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa Berlin, alitoa risasi ya milimita 9.3 iliyoenea katika mtambo huo, nayo ikapendwa sana na wawindaji wa Afrika wasio matajiri.

Basi mwenye kibali hutafuta mtambo mzima na mtutu wa kiwandani, na fundi wa bunduki huviunganisha. Kisha huingiza vipimo viwili vya chuma. Kwa kile cha kwanza komeo lazima lifunge. Kwa kile cha pili, kirefu kidogo, lazima likatae. Likikikubali hicho cha pili, bunduki isipigwe. Hata hivyo fundi hajiamini peke yake. Huko Liège, Ubelgiji, askofu aliyekuwa pia mtawala wa mji aliamuru tangu mwaka 1672 kwamba mitutu ijaribiwe kwa baruti kali kuliko kawaida, na iliyoshinda ipigwe mhuri. Nyumba hiyo ya majaribio ipo hata leo. Bomba la maji lina mhuri wa nani?

Fundi wa nyumbani ana sehemu yake iliyo salama zaidi, nayo ni mbao. Mti wa mulombwa, ambao Tanzania huitwa mninga, ukikauka vizuri haupindi ovyo. Chuma hupakwa masizi, hukandamizwa katika mbao, kisha hutolewa. Palipobaki weusi huondolewa kwa patasi, kidogo kidogo, hata chuma kitulie sawasawa. Bunduki huvaliwa kama kanzu: mwenye mikono mifupi hukata kitako, mwenye shingo ndefu hukiinua. Mwishowe hupakwa mafuta ya kitani siku kwa siku.

Hapo mwindaji huiegemeza juu ya mfuko wa mchanga na kupiga risasi tatu kwa shabaha ya mita 100. Matundu matatu yakiweza kufunikwa kwa kiganja, yuko tayari. Kama sivyo, asiende porini, kwa maana risasi ya kubahatisha humwacha mnyama afe polepole vichakani. Na Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, yatufundisha kwamba kutesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu.

Sheria nayo yasema. Ile ya tarehe 28 Mei 1982 yadai kibali cha kuwinda, na ile ya tarehe 3 Septemba 1985 yadai kibali cha silaha. Mbuga ya Upemba, iliyotengwa mwaka 1939, ndiko waliko punda milia wa mwisho wa Kongo; huko mwindaji hana haki hata kidogo.

Waluba husimulia kwamba Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga, alikuja kwao akiwa mwindaji, na kwamba alichowafundisha wenyeji wake kilikuwa adabu. Adabu hiyo yatakiwa hata leo. Bunduki ikikataliwa na kipimo, iwekwe chini. Watoto wamhitaji baba mwenye macho na mikono miwili kuliko nyama ya siku moja.