Vita vinapofika mlangoni mwa maabara: nini huzuia vimelea kutoka nje?

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, ilitoa onyo lisilo la kawaida. Lilihusu maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, INRB, inayohifadhi sampuli za magonjwa hatari, Ebola ikiwemo. Umeme ulikuwa ukikatika, na shirika hilo lilihofia maafa makubwa iwapo vimelea vingesambaa.

Khartoum iliwahi kushuhudia jambo kama hilo. Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema wapiganaji wameikalia maabara ya taifa ya afya ya umma na kuwafukuza wataalamu wake. Ndani yake mlikuwa na virusi vya surua na polio, pamoja na bakteria wa kipindupindu.

Anayesikia habari hizi huenda akadhani kwamba vimelea hufungiwa kama simba, na kwamba ukuta ukibomoka vitatoka vyenyewe. Sivyo. Bakteria wa kipindupindu humwingia mtu kwa kinywa, kupitia maji au chakula. Akiwa ndani ya kichupa kilichofungwa, hata barafu ikiyeyuka, hamdhuru mpita njia. Hatari huanza pale mtu asiyejua alichoshika anapokifungua kichupa hicho, anapokivunja, au anapomwaga kilichomo kwenye mtaro.

Tone lisiloonekana

Wapo hata hivyo bakteria wanaosafiri kwa hewa, na hao ndio wanaowatia wataalamu hofu zaidi. Mrija unapofunguliwa, unapotikiswa au unapozungushwa kwa kasi ndani ya mashine, hutoa matone madogo mno ambayo huelea hewani bila kuonekana. Bakteria wa kifua kikuu huambukiza kwa njia hiyo. Vivyo hivyo brusela, anayesababisha ng'ombe kutupa mimba na ambaye watu wengi humpata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Inakadiriwa kwamba bakteria kati ya 10 na 100 tu wa brusela, wakivutwa kwa pumzi, wanatosha kumwambukiza mtu. Zamani baadhi ya wafanyakazi wa maabara walinusa sahani za kuoteshea bakteria ili kuwatambua, na wengine wakafyonza sampuli kwa mdomo kupitia mrija. Wapo walioyalipia mazoea hayo kwa afya zao.

Ndiyo maana maabara hupangwa kwa ngazi nne za usalama. Uchunguzi wa kawaida wa kipindupindu na homa ya matumbo hufanyika katika ngazi ya pili. Kuotesha bakteria wa kifua kikuu au brusela huhitaji ngazi ya tatu, ambako kazi hufanyika ndani ya kabati maalumu lenye kichujio, na feni huvuta hewa ya chumba kuelekea ndani ili isitoroke kupitia mlangoni. Ngazi ya nne imetengwa hasa kwa virusi kama Ebola. Taka hazitupwi kabla ya kupikwa kwa mvuke wenye mgandamizo, wa nyuzijoto 121, kwa muda usiopungua dakika 15, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Feni, majokofu na mitambo hiyo ya mvuke vyote hutegemea umeme. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, mtaalamu hufunika vyombo vyake, hufunga kabati na kutoka kwa utaratibu. Lakini utaratibu huo unamhitaji mtu anayeujua, na huyo ndiye wa kwanza kukimbia risasi zinapoanza.

Si lazima pawe na vita ili mambo yaharibike. Mjini Lanzhou, China, kati ya Julai na Agosti 2019, kiwanda cha chanjo za mifugo kilitumia dawa ya kuua vimelea iliyokwisha muda wake. Hewa iliyotoka kiwandani ikabeba brusela hai, na upepo ukaipeleka hadi kwenye taasisi jirani ya utafiti na makazi ya watu. Kufikia Septemba 2020, mamlaka za mji zilikuwa zimethibitisha maambukizi kwa watu 3,245. Hakuna ukuta uliobomoka; tarehe iliyoandikwa kwenye dawa ndiyo iliyopuuzwa.

Kuteketeza au kulinda

Njia mojawapo ya kujihadhari ni kuteketeza vimelea kabla adui hajafika. Machi 2022, WHO iliishauri Wizara ya Afya ya Ukraine iharibu vile vilivyo hatari zaidi katika maabara zake. Ushauri huo una mantiki, ila una gharama yake: sampuli zikishateketezwa, hakuna cha kulinganisha nacho ugonjwa ujao.

Kwa Goma gharama hiyo si ndogo. Maabara inayoogopwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumweleza daktari kama homa ya mgonjwa aliyetoka kambini ni Ebola au malaria, na kama kuhara kwa mtoto ni kipindupindu. Makao makuu ya INRB yako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mapigano yalipouingia mji.