Plaizi ya kubana vifungo: kagua haya kabla hujalipa

Unashona pochi za kitenge hapa Chumbageni, mteja yuko Dar. Mzigo umepanda basi, umefika, halafu kifungo cha kubonyeza kinachomoka siku ya kwanza. Nauli ya kuurudisha inameza faida yote. Mara nyingi kosa si la kifungo, ni plaizi uliyobania.

Ukienda kununua, angalia:

1. Saizi. Vifungo vya plastiki vinavyotumika sana ni T5, kofia yake kama milimita 12. T3 ni vidogo zaidi, T8 ni vikubwa. Vibanio vya plaizi viendane na vifungo vyako.

2. Vibanio. Funga plaizi tupu. Cha juu na cha chini vikutane katikati. Vikipishana, pini italala upande.

3. Mpini. Ukipinda ukibana, achana nayo.

Nenda na kipande cha kitambaa chako, unene uleule na bitana yake, ujaribu palepale. Kilichobanwa vizuri, ncha ya pini inalala bapa katikati na kifungo hakichezi. Fungua na kufunga mara kumi.

Unanunua mtandaoni? Omba video ya jaribio hilohilo. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.